Ukoko Mweupe Ndani ya Birika: Somo la Maji Magumu na Maji Laini

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu aliingia katika afisi yetu ya kilimo hapa Kedowa akiwa na mfuko wa unga mkononi. Ndani ya mfuko hamkuwa na unga, mlikuwa na birika la umeme. Akaliweka juu ya meza yangu, akafunua kifuniko, akasema, "Kijana wangu, hebu tazama. Maji ya huku yameharibika."

Nikatazama. Juu ya bamba la chini palikuwa na ukoko mweupe, mkavu, ulioshika kama ukoko wa ugali katika sufuria. Nilipoukwaruza kwa kucha ulitoka unga kama chokaa. Mfanya biashara mmoja alikuwa amekwisha mwambia mzee kwamba maji yake ni magumu, na ya kuwa lazima anunue mtambo wa kulainisha maji. Akamtajia na bei. Bei ile ilikuwa bei ya ndama mzuri. Mzee alitaka kujua kama auze ndama au asiuze.

Mimi ni karani tu, wala si fundi wa maji. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia afisini, na swali la namna hii linataka ubao na chaki kuliko spana. Basi, wakulima wenzangu, natuketi pamoja tulichungue. Tangu ule mradi wa kusambaza umeme mashambani ulipoanza mwaka wa 2015, wengi wetu tumenunua mabirika, shawa za maji moto na pasi za mvuke. Vyombo hivi vyote hunywa maji kila siku, na akili ya kuvitunza haikuletwa pamoja na nguzo za umeme.

MAJI MAGUMU NI NINI?

Maji ya mvua yanapoanguka hayana madini karibu yoyote. Yakipita hewani huchukua kidogo cha ile hewa tunayoitoa puani, iitwayo kabonidioksidi, nayo huyatia uchachu mdogo sana usioweza kuuonja kwa ulimi. Yakiingia ardhini, uchachu ule huanza kula mawe. Kama mawe hayo ni ya chokaa, maji huyeyusha chokaa na kuibeba, wala ukiyatazama katika glasi huoni kitu. Madini yanayobebwa hasa ni mawili, kalsiamu na magnesiamu. Maji yenye madini haya kwa wingi huitwa magumu, na yenye machache huitwa laini. Wapimaji huhesabu kwa miligramu katika lita moja: chini ya 60 ni maji laini, kutoka 60 hata 120 ni ya kadiri, kutoka 120 hata 180 ni magumu, na yakipita 180 ni magumu sana.

Ukiyachemsha maji magumu, ile hewa hutoka, na chokaa hukosa kitu cha kuishika ndani ya maji. Huanguka, nayo hupenda kushika pale penye moto mwingi kuliko pote, yaani juu ya koili au juu ya bamba la chini.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua nyumba inayochemsha lita 10 kila siku kwa chai na kwa kunywa, na maji yake yana miligramu 200 katika kila lita. Hiyo ni gramu 2 kwa siku. Kwa mwaka ni gramu 730, karibu robo tatu ya kilo ya mawe inayopita katika birika moja. Si yote hushika, nyingine humiminwa pamoja na maji, lakini hata sehemu ndogo yatosha. Maji ya miligramu 30 yangepitisha gramu 110 tu kwa mwaka mzima.

Ukoko haupitishi moto vizuri kama chuma. Koili iliyofunikwa hubaki na joto lake ndani, inaungua yenyewe hali maji bado ni vuguvugu. Mita ya umeme inazunguka, watoto wanangoja chai waende shule, na siku moja koili hukatika. Wazee wanaokumbuka injini za moshi zikipanda kutoka Kipkelion kwenda Londiani watafahamu mara moja. Tumbo la injini ile lilikuwa birika kubwa, na mafundi wa reli walilazimika kulifungua na kuliosha mara kwa mara, kwa sababu ukoko ulikula kuni na mafuta, na tena uliweza kuharibu chuma chake.

MBONA HAPA KWETU MAJI NI LAINI?

Sasa nitawaambia kwa nini sikumwamini yule mfanya biashara. Wenye chai miongoni mwenu wanajua kwamba mchai hupenda udongo mchachu. Wanajua pia kwamba mahali palipokuwa na boma la zamani, palipomwagwa majivu miaka mingi, mchai hudhoofika na majani yake hugeuka manjano. Majivu yana chokaa, na mchai haupatani na chokaa. Basi kama nchi hii ya Kericho inastawisha chai, maana yake ni kwamba udongo wake una chokaa kidogo. Mvua nyingi ya miaka maelfu imekwisha iosha na kuipeleka chini na mbali. Na mawe yetu ni mawe ya volkano, si mawe ya chokaa. Mvua inayoanguka juu ya udongo kama huo na kutokea katika kijito cha msituni itachukua chokaa kutoka wapi?

Ndiyo sababu chai ya huku, ikipikwa kwa maji ya huku, huwa safi usoni. Katika maji magumu chai hufanya utando juu kama mafuta yaliyovunjikavunjika, hata bila maziwa. Dada yangu ameolewa Kajiado, katika nchi yenye mawe ya marumaru, na marumaru ni ndugu wa chokaa. Nilimpelekea birika jipya, namna ile ile niliyo nayo mimi. Langu lina miaka miwili na chini yake lang'aa. Lake lilikuwa jeupe kabla ya miezi miwili kwisha, akadhani nimemnunulia la bei rahisi. Pwani nako, visima vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa iliyojengwa baharini, na maji yake ni magumu, pengine yana na chumvi.

Wala si lazima kwenda mbali hivyo. Ukishuka na reli kutoka hapa, ukapita Fort Ternan, unafika Koru, penye machimbo ya chokaa chini ya mlima Tinderet. Kisima kilichochimbwa katika mwamba wa chokaa na kijito kinachotoka Mau haviwezi kutoa maji ya namna moja, hata kama safari kati yao ni ya muda mfupi.

Basi nikamwuliza mzee, "Maji haya unayateka wapi?" Akajibu, "Siyateki. Ni ya mvua, kutoka juu ya mabati yangu."

Hapo nilinyamaza. Maji ya mvua ndiyo laini kuliko yote. Ukoko ulitoka wapi?

JARIBIO LA CHUPA TATU

Nilimwomba arudi kesho yake na chupa tatu: moja ya maji ya mfereji, moja ya mvua iliyokingwa kwa sufuria moja kwa moja kutoka mbinguni, na moja ya maji anayopikia. Jaribio hili laweza kufanywa na mtoto wa shule, nami nawasihi mlifanye nyumbani kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Chukua sabuni ya kipande ya kufulia, si ya unga. Sabuni nyingi za unga hutoa povu hata katika maji magumu, zitakudanganya. Kwaruza vijiko viwili vya sabuni, uviyeyushe katika kikombe cha maji moto ya mvua, uache yapoe. Tafuta chupa za ukubwa mmoja, safi, ujaze kila moja nusu. Tia tone moja la maji ya sabuni, funga, tikisa kwa nguvu. Tia la pili, tikisa. Hesabu matone mpaka povu lisimame unene wa kidole na kukaa bila kuvunjika kwa muda wa dakika moja. Maji laini hutoa povu upesi. Maji magumu huikamata sabuni kwanza, yakawa na weupe wa mawingu na vipande kama maziwa yaliyoganda, na hayatoi povu mpaka chokaa yote imekwisha shiba. Sabuni ile yote imepotea, haikufua kitu.

Mvua ya sufuria ilitaka matone 6. Maji ya mfereji yalitaka 8. Maji ya mzee yalitaka 31.

Ndipo bibi yake, aliyekuja naye siku hiyo na alikuwa amekaa kimya, akasema, "Si tangu tulipojenga lile tangi?" Walikuwa wamejenga tangi la saruji, wakalipiga lipu ndani, na juu ya lipu wakapaka maji ya saruji mara mbili. Mvua ya kwanza ya masika walilijaza na kuanza kupikia. Saruji mbichi ina chokaa nyingi isiyoshikamana bado, na maji ya mvua, kwa vile hayana kitu ndani yake, huivuta kwa pupa. Mzee alikuwa amejijengea machimbo ya Koru nyuma ya jiko lake.

Dawa yake haikuhitaji ndama. Tangi jipya la saruji lijazwe, likae siku chache, limwagwe. Maji hayo ya kwanza yafaa kwa kuchanganya saruji nyingine au kumwagia njia, bali usiyapeleke kwenye michai. Rudia mara mbili au tatu kama mvua inaruhusu. Ukuta ukisuguliwa kwa brashi ngumu ni bora zaidi. Baada ya hapo chokaa hupungua mwezi kwa mwezi. Mzee alikuwa na uchungu wa kumwaga maji, na nani asingekuwa nao? Lakini ilikuwa bado masika.

Lau kama angenunua ule mtambo, tangi lingejitengeneza lenyewe polepole, ukoko ungepungua, naye angeusifu mtambo kwa majirani. Hivyo ndivyo biashara nyingine zinavyoenea.

MAJI LAINI NAYO YANA NJAA

Msidhani kwamba maji laini hayana madhara. Yale yasiyobeba kitu hutafuta kitu cha kubeba. Yakilala usiku katika bomba la chuma huchukua kutu. Ukifungua mfereji alfajiri unapata rangi ya chai kabla hujatia majani. Yakilala katika bomba la shaba huacha alama za kijani katika beseni. Katika mabomba na viungo vya zamani palitumiwa risasi, nayo ni sumu hasa kwa watoto. Kwa hiyo maji ya kwanza ya asubuhi yaacheni yapite, mkayatumie kuoshea zizi, kisha mkinge ya kunywa.

Mtambo wa kupasha maji kwa jua wenye tangi la chuma mara nyingi huwa na fimbo ya magnesiamu ndani, iliyowekwa makusudi iliwe na maji badala ya tangi. Watu wengi wanao mtambo na hawajui kama ina fimbo. Mwulize fundi, aiangalie kila mwaka au miaka miwili. Fimbo ikiisha, zamu ya tangi inaanza.

Nimeona pia shawa zilizoungua hapa hapa ambazo wenyewe waliilaumu chokaa. Nyingi hazikuwa na chokaa hata chembe. Zilikuwa na matope na kutu katika vitundu, maji yakapita kidogo, koili ikakosa ya kuipoza. Zima swichi kuu, fungua kichwa cha shawa, osha vitundu. Kichungi kidogo cha waya kwenye bomba kabla ya shawa kingezuia yote.

Hapa pana jambo la hatari nisilotaka kulipita upesi. Madukani shawa za umeme huuzwa namna mbili, ya maji ya kawaida na ya maji ya chumvi. Ya kwanza ina koili iliyo wazi ndani ya maji. Ya pili koili yake imevikwa, kwa sababu maji yenye madini mengi hupitisha umeme kwa urahisi na yaweza kumpiga mtu anayeoga. Mwenye kisima kirefu asinunue ile ya kwanza kwa kuokoa fedha. Na namna yoyote utakayonunua, fundi afunge waya wa ardhi.

UNGA MWEUPE, MWEKUNDU NA WA KIJIVU

Kabla ya kuondoa ukoko, ujue ni ukoko gani. Weka kipande chake katika kijiko, udondoshee siki au maji ya ndimu. Ukitoa mapovu kama soda, ni chokaa. Ukiwa mwekundu na usichemke, ni kutu. Ukiwa wa kijivu, mgumu kama kioo, na siki haiufanyi kitu, huenda ni silika kutoka mawe ya volkano, ambayo huonekana katika maji ya visima virefu. Huo siki haiutoi, na kuukwaruza kwa kisu kutatoboa birika. Bora kubadili maji ya kuchemsha.

Ukoko wa chokaa hutoka kwa urahisi. Tia siki na maji, nusu kwa nusu, mpaka ukoko ufunikwe. Pasha moto bila kuchemsha, zima, uache saa moja. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga. Asiye na siki atumie ndimu mbili au tatu katika nusu lita. Katika sufuria ya alumini usiache siki ikalala usiku, italitoboa bati lake. Asidi ya betri usiitumie kamwe, maana ina sumu ya risasi. Wala usichanganye siki na dawa ya kung'arishia nguo, kwa kuwa hutoka hewa inayochoma mapafu.

Tena, usiongeze maji mapya juu ya maji ya jana. Mvuke hutoka mtupu, madini hubaki, na birika lisilomwagwa hukusanya. Ndiyo maana hata viwanda vya majani chai vya nchi hii, pamoja na ulaini wa maji yetu, hutia dawa katika maji ya boila na kumwaga sehemu yake kila mara.

Mama zetu walikuwa na dawa yao ya maji magumu, nayo ni magadi. Magadi yakitiwa katika maji ya kufulia huiangusha chokaa chini, na sabuni ikafanya kazi. Maharagwe pia, ambayo chokaa huyafanya yasiive, huiva upesi kwa magadi. Kwa kufua nayasifu. Kwa chakula tumia kwa uchache, kwa sababu magadi ya ardhini mara nyingi yana floridi.

Na kwa kuwa nimeitaja floridi, nisikilizeni vizuri. Sabuni haiwezi kukuonyesha floridi. Ng'ambo ya Mau, upande wa Nakuru, kuna visima ambavyo maji yake hutoa povu vizuri sana, birika halipati ukoko, na watoto wana meno ya kahawia. Huko chokaa na floridi huelekea kukimbiana: chokaa ikiwa nyingi majini huikamata floridi, na ikiwa chache floridi hubaki huru. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua na floridi inabaki. Kwa hiyo birika safi si cheti cha kisima.

Wenye ng'ombe waangalie makopo ya maziwa: maji magumu pamoja na maziwa hufanya utando mgumu ambao wadudu hujificha chini yake. Na wapigao dawa ya magugu yenye glifosati wajue kwamba maji magumu, na maji ya matope vilevile, huishika dawa hiyo na kuipunguza nguvu. Mvua safi ya tangi la plastiki ndiyo bora kwa bomba la dawa.

Atakaye maji ya kisima yapimwe, aombe vitu vinne: ugumu, floridi, chuma na uchachu. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja ambayo haikuwa na mafuta wala dawa. Pampu iendeshwe kwanza dakika kumi, chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale, ijazwe mpaka juu bila nafasi ya hewa, ifungwe, ifikishwe kabla ya siku kupita. Andika jina la kisima na tarehe juu ya chupa yenyewe, si juu ya kifuniko, maana juzi nililetewa chupa nne na vifuniko vyake vilikuwa vimebadilishana njiani.